Umeme Unaotuliza Maumivu na Umeme Unaokaza Misuli

Katika mtaa wa Gitega, Kigali, jirani na Biryogo, njia ni za kupanda na kushuka. Mwenye mgongo mbovu, au goti lililopasuliwa, huzijua vema. Mtaalamu wa tiba ya viungo aweza kumsaidia kwa umeme. Lakini umeme huo si wa namna moja, na yafaa mgonjwa aulize anapewa upi.

Upo wa kutuliza maumivu, uitwao TENS. Vibandiko huwekwa juu ya ngozi, na mkondo mdogo, mara nyingi wa mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, huchochea mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa hisia za mguso huweza kuzizuia zile za maumivu katika uti wa mgongo; ndiyo sababu mtu aliyejigonga husugua palipouma. Nafuu hiyo mara nyingi haidumu chombo kikizimwa, wala haijengi misuli. Anayeitegemea peke yake huku paja lake likisinyaa hupoteza fedha na wakati.

Paja hilo lahitaji umeme wa pili, unaoikaza misuli yenyewe. Mgonjwa naye hulikaza kwa nguvu zake, pamoja na mashine.

Mwenye chombo cha kuongoza mapigo ya moyo asiutumie bila idhini ya daktari. Vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, juu ya kidonda, wala tumboni mwa mjamzito.