Oakland 1974: timu iliyopigana ndani ya vestiari, ikabeba kombe mara ya tatu

Tarehe 11 mwezi wa kumi 1974, siku moja kabla ya kuanza kwa fainali ya besiboli ya Marekani, wachezaji wawili wa timu ya Oakland Athletics walipigana ndani ya vestiari mjini Los Angeles. Rollie Fingers, mrushaji wa mipira, alitoka na jeraha kichwani, ikabidi ashonwe. Mwenzake John Odom, mrushaji vilevile, alitoka akichechemea baada ya kuumia kifundo cha mguu. Ugomvi ulianza na utani. Siku sita baadaye, wote wawili walikuwa mabingwa.

Timu ya namna hiyo, wengi wangesema haiwezi kufika mbali. Lakini Oakland ilikuwa imekwisha kuchukua kombe mwaka 1972 na mwaka 1973, na mwaka huo wa 1974 ikalichukua mara ya tatu mfululizo. Kabla yake ni timu moja tu, New York Yankees, iliyokuwa imefaulu kushinda mara tatu au zaidi bila kukatiza. Ni namna gani watu waliorushiana ngumi waliweza kushinda pamoja? Na kama waliweza, kwa nini miaka mitatu baadaye timu hiyo ilikuwa ya mwisho kabisa katika kundi lake?

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa msomaji aliyezoea kabumbu, besiboli inachezwa na watu 9 kila upande. Mrushaji anatupa mpira kwa nguvu. Mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa rungu la mbao, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akimaliza mzunguko, timu yake inapata pointi moja. Wale walio uwanjani wanajitahidi kuudaka mpira na kuurusha haraka ili mkimbiaji aguswe kabla hajafika kituoni. Mchezo una vipindi 9. Ligi inachukua karibu miezi sita, na timu inacheza mechi 162, karibu kila siku. Hii ina maana kwamba wachezaji wanaishi pamoja katika ndege, hoteli na vestiari kuliko wanavyoishi na familia zao. Penye wengi pana mengi, na pale Oakland mengi yalikuwa mengi zaidi.

Mwenye timu aliyetaka kuamua kila kitu

Huwezi kueleza hasira za Oakland bila kumtaja Charles Finley. Alitajirika kwa biashara ya bima mjini Chicago, akainunua timu ilipokuwa Kansas City, na mwaka 1968 akaihamishia Oakland, katika jimbo la California. Finley alikuwa mtu wa mawazo mengi. Aliwavalisha wachezaji jezi za kijani na njano na viatu vyeupe, wakati timu zingine zilivaa rangi za kawaida. Alikuwa na nyumbu aliyepewa jina lake mwenyewe, akitembezwa uwanjani kama mnyama wa timu. Mwaka 1972 aliahidi dola 300 kwa kila mchezaji atakayefuga masharubu, na sura hizo zenye masharubu zikawa alama ya timu.

Lakini kwenye mishahara mkono wake ulikuwa mgumu. Vida Blue, mrushaji kijana aliyeshinda mechi 24 mwaka 1971 na kuchaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake, alipoomba nyongeza alikataliwa, akakosa mwanzo wa msimu wa 1972. Baada ya ubingwa wa 1973, wachezaji walipewa pete za ushindi zisizokuwa na almasi, tofauti na zile za mwaka uliotangulia, na wengi waliona wamedharauliwa.

Tukio lililowaumiza zaidi lilitokea katika fainali ya 1973 dhidi ya New York Mets. Mike Andrews, mchezaji wa akiba, alifanya makosa mawili katika kipindi cha 12 cha mechi ya pili, na Oakland ikapoteza. Finley alimshinikiza atie sahihi karatasi ya daktari iliyosema kwamba bega lake ni bovu, ili aondolewe na nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Andrews alitia sahihi, akarudi nyumbani. Wenzake walikasirika: walijitokeza mazoezini wakiwa wamebandika namba yake, 17, kwenye mikono ya jezi zao. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, aliamuru Andrews arudishwe na akamtoza Finley faini. Oakland ilishinda kombe hilo, lakini kocha Dick Williams alijiuzulu mara tu baada ya ushindi. Alikuwa amechoka na mwenye timu.

Vidole vya mkono mmoja

Kwa hiyo msimu wa 1974 ulianza bila amani. Mwaka huo sheria mpya iliwaruhusu wachezaji kupeleka madai ya mishahara mbele ya msuluhishi, na wengi wa Oakland walimpeleka Finley huko. Reggie Jackson, mpigaji nyota, alishinda dai lake na kupata dola 135,000 kwa mwaka.

Kocha mpya aliitwa Alvin Dark. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo, aliyependa kutaja maneno ya Biblia. Finley alikuwa amemfukuza kazi mwaka 1967, na sasa alimrudisha. Wachezaji walimwona kama mtu anayepokea amri za simu kutoka Chicago. Siku moja, baada ya kupoteza mechi, nahodha Sal Bando aliingia vestiari kwa hasira akapiga teke pipa la takataka, akisema kwamba kocha huyu hawezi kuongoza hata duka la nyama. Hakujua kwamba Dark alikuwa nyuma yake.

Pia kulikuwa na Herb Washington. Huyu alikuwa mwanariadha wa mbio fupi. Finley alimwajiri kwa kazi moja tu: kukimbia kati ya vituo badala ya wenzake. Msimu mzima hakupiga mpira hata mara moja. Baadhi ya wachezaji waliona kwamba nafasi ya mchezaji wa kweli imepotezwa kwa sababu ya mchezo wa tajiri.

Tarehe 5 mwezi wa sita, mjini Detroit, mambo yaliharibika. Jackson na Billy North, mchezaji wa katikati ya uwanja wa nyuma, walikuwa hawasemezani tangu Jackson alipomlaumu North kwa kutokukimbia kwa bidii. Kabla ya mechi maneno yalianza ndani ya vestiari, kisha ngumi. Waliachanishwa, wakarudiana. Jackson aliumia bega. Lakini aliyeumia kuliko wote hakuwa mmoja wa wagomvi. Ray Fosse, mdakaji wa timu, aliingia kati kuwaamua. Alipata jeraha la shingo lililomweka nje karibu miezi mitatu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Pamoja na hayo yote, Oakland ilimaliza msimu na ushindi 90 dhidi ya vipigo 72, ikaongoza kundi lake. Katika nusu fainali iliitoa Baltimore Orioles kwa mechi 3 kwa 1. Mechi ya mwisho kati ya hizo inakumbukwa hadi leo: Oakland ilishinda 2 kwa 1 huku wapigaji wake wakifaulu kuupiga mpira vizuri mara moja tu. Aliyefanya hivyo alikuwa Jackson.

Fainali ya mwezi wa kumi

Fainali dhidi ya Los Angeles Dodgers ilikuwa ya kwanza kukutanisha timu mbili za California. Mechi 4 kati ya 5 ziliisha kwa pointi 3 kwa 2. Kwa maneno mengine, kosa moja tu lingeweza kubadilisha kila kitu, na hapo ndipo timu iliyogawanyika huanguka.

Oakland haikuanguka. Fingers, akiwa na nyuzi kichwani, aliingia katika mechi ya kwanza akashinda. Aliingia tena katika mechi ya tatu, ya nne na ya tano. Mwishoni alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Dick Green, mlinzi wa kituo cha pili, hakufaulu kuupiga mpira hata mara moja katika mechi zote tano, lakini mikono yake katika ulinzi iliwanyima Dodgers nafasi nyingi.

Mechi ya tano ilichezwa Oakland tarehe 17. Pointi zilikuwa 2 kwa 2 Odom alipoingia katika kipindi cha 7 kuchukua nafasi ya Vida Blue. Kisha mchezo ukasimama: mashabiki walikuwa wakimtupia vitu Bill Buckner wa Dodgers, aliyekuwa ametoa maneno ya kuwadharau Athletics. Utulivu uliporudi, mrushaji wa Dodgers, Mike Marshall, hakutaka kurusha mipira ya kupasha mwili moto. Joe Rudi wa Oakland alikuwa akiangalia. Mpira wa kwanza aliorushiwa aliupiga ukavuka uzio. Oakland 3, Dodgers 2.

Katika kipindi cha 8, Buckner huyo huyo aliupiga mpira kuelekea katikati ya uwanja. North alikimbia kuuokota, ukampita. Buckner aliona nafasi, akapita kituo cha pili akielekea cha tatu. Kama angefika, Dodgers wangekuwa karibu sana kusawazisha. Lakini nyuma ya North kulikuwa na mtu aliyekuwa amekwisha kukimbia kumsaidia, bila kuitwa na bila kungoja kuona kama mwenzake atakosea. Mtu huyo alikuwa Reggie Jackson. Aliuokota mpira, akamrushia Green; Green akamrushia Bando katika kituo cha tatu; Bando akamgusa Buckner. Ametoka.

Wale waliopigana Detroit ndio waliozuia hatari hiyo: mmoja alikosea, mwingine akafunika kosa. Na wale waliopigana Los Angeles ndio waliomaliza kazi: ushindi wa mechi uliandikwa kwa jina la Odom, na Fingers akarusha mipira ya mwisho.

Kilichowaunganisha, na kilichowavunja

Hadithi hii mara nyingi inasimuliwa kana kwamba ngumi ndizo zilizoleta kombe. Fosse, aliyepoteza karibu nusu ya msimu kwa kuamua ugomvi, ni ushahidi kwamba si kweli. Ngumi zilileta hasara. Kilichoiokoa Oakland ni kwamba ndani ya uwanja kila mmoja alijua kazi yake na aliifanya hata kwa ajili ya mtu asiyempenda. Jackson hakuhitaji kuwa rafiki ya North ili akimbie nyuma yake. Wengi wao walikuwa wamekua pamoja katika timu hiyo tangu ujana, na walikuwa na lalamiko moja dhidi ya mtu mmoja. Mwaka 1973 namba 17 iliyobandikwa mikononi ilionyesha kwamba, mwenzao alipoonewa, walisimama pamoja.

Ugomvi wa wachezaji, basi, haukuivunja timu. Iliyoivunja ni pesa. Katika mkataba wa Jim Hunter, mrushaji aliyeshinda mechi 25 mwaka huo, Finley alitakiwa kulipa dola 50,000 katika mfuko wa bima. Hakulipa. Mwezi wa kumi na mbili 1974 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mkataba umevunjwa na Hunter yuko huru. Wakati huo mchezaji alifungwa na timu yake mpaka timu yenyewe imwachilie, kwa hiyo uamuzi huo ulitikisa besiboli yote. Siku ya mwisho ya mwaka, Hunter alitia sahihi na Yankees kwa zaidi ya dola milioni 3.

Wenzake waliona thamani yao. Mwaka 1975 Oakland iliongoza tena kundi lake lakini ilitolewa na Boston katika nusu fainali. Mwaka 1976 Finley alimpeleka Jackson Baltimore, kisha akajaribu kuwauza Rudi, Fingers na Blue kwa mamilioni. Kamishna Kuhn alizuia uuzaji huo. Mwisho wa msimu Fingers, Rudi, Bando na wengine waliondoka huru, na Finley hakupata hata senti kwa ajili yao. Mwaka 1977 Oakland ilikuwa ya mwisho katika kundi, hata nyuma ya Seattle, timu iliyoanzishwa mwaka huo huo.

Finley aliiuza timu mwaka 1980. Jackson, Hunter na Fingers majina yao yaliingia katika jumba la heshima la besiboli. Na tangu mwisho wa msimu wa 2024 mji wa Oakland hauna tena timu hiyo: imeondoka, ikicheza kwa muda karibu na Sacramento huku ikingoja uwanja mpya Las Vegas. Safari hii pia, hawakuwa wachezaji walioamua kuondoka.