Kuunda Mashua, Si Kujenga

Wanafunzi wetu wengi huandika "kujenga mashua". Wenyeji wa pwani hawasemi hivyo. Nyumba hujengwa, mtumbwi huchongwa katika gogo moja, na mashua ya mbao huundwa. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ya kuunda kama inavyofanywa na mafundi wa Lamu, hasa katika kijiji cha Matondoni, kwa sababu maneno mengi tunayoyakaririsha darasani yametoka humo.

Fundi hana mchoro wa karatasi. Hulaza kwanza mkuku, yaani mti mrefu wa chini ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Mbele na nyuma husimamisha fashini, miti ambayo ncha za mbao hushikizwa. Mbao za chini hutangulia, kisha ndani hutiwa mataruma, mbavu za chombo.

Hapo kwenye mataruma ndipo penye ujuzi. Ubao ulionyooka ukikatwa umbo la upinde, nyuzi za mti hukatika, na taruma la namna hiyo huvunjika upesi. Kwa hiyo fundi hutafuta tawi lililoota likiwa limepinda, mara nyingi la mikoko kama mlilana, akalichonga kwa tezo hadi lilale sawasawa na mbao. Matundu ya misumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili mbao zisipasuke.

Kisha hufuata kukalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katika nafasi zilizo kati ya mbao. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Chombo kikishuliwa, mbao hunywa maji, huvimba na kubanana zaidi. Hata hivyo maji kidogo hayakosi kupenya. Hayo hukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na lazima yachotwe kila mara.

Sasa turudi kwenye methali inayopendwa sana na watungaji wa mitihani: "Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni upande wa nyuma, omo ni wa mbele. Wanafunzi wa Kampala hujibu kwamba maana yake ni mtu hurudi kwao, nao hupata alama. Lakini wachache huweza kueleza ngama ni nini, na kwa nini baharia hana budi kuirudia. Kwa maoni yangu, jibu lisilo na maji ya ngamani ni nusu ya jibu.

Bahari iko mbali nasi, lakini ziwa liko karibu. Kwenye mwalo wa Ggaba boti za mbao zipo. Mwalimu awapeleke wanafunzi, wawaulize wavuvi majina ya sehemu hizo kwa Kiganda, kisha wayapange darasani kando ya mkuku, taruma na ngama, waone ni yapi yanayolingana na ni yapi yasiyo na mwenzake.