KUHARA DAMU KUSIKOKWISHA: UTUMBO UKIUGUA, MOYO NAO UMO HATARINI



Hapa Kanyosha, kama katika mitaa mingine ya Bujumbura, mtu akihara damu watu husema mara moja: ni amiba. Mara nyingine husema kweli. Amiba ipo, na katika miaka ya 1990 nchi yetu ilipigwa na mlipuko mkubwa wa kuhara damu. Lakini wako wenzetu wanaomeza dawa za amiba mara tatu au nne, wakapata nafuu ya siku chache, kisha damu ikarudi. Makala hii inawahusu hao.

Ni ugonjwa gani?

Kuna magonjwa mawili ya utumbo ambayo hayaambukizi. La kwanza ni vidonda vya utumbo mpana. La pili ni ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Katika yote mawili, askari wa mwili wanaotulinda na vijidudu huushambulia utumbo wenyewe. Utumbo huvimba na kutoka vidonda. Mgonjwa huumwa tumbo, huhara, hukonda na kupungukiwa damu. Ugonjwa hutulia kwa miezi, kisha huamka tena.

Zamani iliaminiwa kwamba Waafrika hawaupati. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliofanya kazi miaka mingi Uganda, waliuona kuwa adimu sana. Hata hivyo, mwaka 1966 wagonjwa wanne Waafrika wa Uganda walielezwa katika jarida la madaktari la Uingereza. Basi upo, ila hujificha nyuma ya jina la amiba.

Mishipa inaingiaje?

Moto wa utumbo haubaki tumboni. Utumbo uliovimba hutia katika damu kemikali za kuwaita askari wa mwili. Kemikali hizo huzunguka mwili mzima na kuudhuru utando laini ulio ndani ya ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni. Utando ukiharibika, mafuta hupenya na kujijenga ukutani, na njia ya damu huwa nyembamba. Wakati huohuo damu huwa nyepesi kuganda. Donge likiziba mshipa wa moyo, ni shtuko la moyo. Likiziba wa ubongo, ni kiharusi.

Mabonge ya damu katika mishipa ya miguu na mapafu huwapata wagonjwa hawa mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine. Kwa shtuko la moyo ongezeko ni dogo zaidi, lakini huonekana wazi kwa vijana na wanawake, watu ambao hakuna anayewadhania ugonjwa wa moyo. Uchunguzi wa nchi nzima huko Denmark, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba hatari hupanda hasa wakati ugonjwa umeamka.

Tusidanganywe na wembamba. Mgonjwa wa utumbo mara nyingi amekonda na mafuta katika damu yake ni machache, na bado mishipa yake yaweza kuharibika.

Mfanyakazi afanye nini?

1. Ukihara damu, nenda kituo cha afya upimwe choo. Usinunue dawa kwa kukisia. Hali ikizidi majuma manne, au ikirudi baada ya dawa, omba upelekwe kwa daktari wa matumbo. Huyo huingiza kamera ndogo kuutazama utumbo.

2. Ukipewa dawa, usiziache kwa kuwa umepata nafuu. Kuutuliza utumbo ni kuulinda moyo.

3. Prednisoloni hutuliza haraka, lakini ikitumiwa muda mrefu hupandisha presha na sukari. Itumie kwa amri ya daktari tu, wala usiikatishe ghafla.

4. Jihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Zaweza kuuamsha ugonjwa.

5. Acha sigara. Pima presha na sukari kila mwaka.

6. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla, au mdomo ukienda upande, kimbilia hospitali mara moja.

Wajibu wetu sote

Mfanyakazi wa kiwandani, au mchuma chai wa Teza anayelipwa kwa kilo, huona aibu kumwomba kapita ruhusa ya kwenda chooni mara sita kwa siku. Wengine huacha kula na kunywa maji ili wasihare kazini. Hilo ni kosa: mwili uliokauka huzidisha kuganda kwa damu. Wajumbe wa wafanyakazi wadai vyoo safi vilivyo karibu na kazi, maji ya kunywa, na ruhusa ya matibabu isiyomfanya mgonjwa aitwe mvivu.

Nawe mgonjwa, usinyamaze. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.