Mgonjwa wa Akili na Haki Zake

Kijana akipatwa na maradhi ya akili katika kijiji cha Karatu, au huko juu Endulen katika Ngorongoro, huenda jamaa wakatanguliza kamba kabla ya tabibu. Twaifahamu hofu yao, wala hatuidharau. Mtu akishika panga usiku, nani asiogope? Lakini kumzuia kwa saa moja ili watoto wasalimike ni jambo moja, na kumfungia chumbani kwa miezi ni jambo jingine kabisa.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 15, yakataza kumnyima mtu uhuru wake ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kwa wagonjwa hawa, Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, badala ya ile ya zamani iliyorithiwa kutoka enzi za Waingereza. Sheria hii yamtambua mgonjwa anayeingia hospitali kwa hiari yake, na yule anayeingizwa bila ridhaa. Huyu wa pili hafungiwi kwa neno la baba, kaka wala mwenyekiti wa kijiji peke yake. Ni lazima apimwe na tabibu, ifuatwe njia ya sheria, na mahakama ina nafasi yake humo. Hata shamba na ng'ombe wake si ngawira ya kugawana ndugu!

Tena jambo hili si geni kwetu. Mafakihi walimwondolea mwendawazimu taklifu, lakini hawakumwondolea haki. Mali yake huwa amana mkononi mwa walii. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo, mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili.

Lililo zito zaidi ni la aliyetenda kosa hali akili imemtoka. Mahakama ikiona hivyo, hapelekwi gerezani kama mhalifu, bali huwekwa chini ya matibabu. Isanga, iliyo sehemu ya Hospitali ya Mirembe huko Dodoma, ndiyo makao mashuhuri ya watu hao. Lakini amri hiyo haina idadi ya miaka. Asiye na jamaa wa kumwulizia aweza kupona na asiwe na mlango wa kurudia.

Kutoka Karatu hadi Dodoma ni safari ya kutwa. Anayekwenda na achukue karatasi za mgonjwa na majina ya dawa alizowahi kutumia, aonane na afisa wa ustawi wa jamii, aache jina lake na namba ya simu, kisha aulize lini mgonjwa wake atapimwa tena.