Usafi wa Mashine ya Kupumulia Usingizini ni Sehemu ya Tiba

Dar es Salaam

Tiba ya tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini haiishii hospitalini. Mgonjwa anayetoka kliniki na kurejea nyumbani kwake Upanga, jirani na Hospitali ya Taifa Muhimbili, hubeba pamoja na mashine yake jukumu la kuitunza, na sehemu kubwa ya jukumu hilo ni usafi.

Tatizo hilo hutokea njia ya hewa kooni inapoziba mara kwa mara mtu akiwa amelala. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mgonjwa hushtuka, huvuta hewa kwa nguvu na kulala tena, mara nyingi bila kukumbuka chochote asubuhi. Dalili zake ni pamoja na kukoroma kwa sauti kubwa, kuamka na uchovu na kusinzia mchana. Lisipotibiwa, huongeza hatari ya shinikizo la juu la damu, magonjwa ya moyo na kiharusi, na kwa dereva linaweza kusababisha ajali.

Mashine inayotumika zaidi, ifahamikayo kama CPAP, ilibuniwa na Profesa Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1981. Mashine hiyo haitengenezi oksijeni. Huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye kichujio na kuisukuma kupitia bomba na barakoa ili koo libaki wazi. Nyingi zina pia chombo cha maji cha kuipa hewa unyevu. Kwa sababu hiyo, vumbi, ukungu au uchafu uliomo katika vifaa hivyo huelekezwa kwenye njia ya hewa ya mgonjwa usiku kucha.

Aidha, barakoa chafu huleta vipele usoni na harufu mbaya, hali inayoweza kumfanya mgonjwa aiweke mashine kabatini. Mashine isiyovaliwa haitibu.

Ratiba ya usafi

Kabla ya kuanza, mashine izimwe na kuchomolewa kwenye umeme. Kila asubuhi, sehemu ya barakoa inayogusa uso ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali wala manukato, kisha isuuzwe vizuri. Maji yaliyobaki kwenye chombo yamwagwe, na chombo kiachwe wazi kikauke. Maji ya jana yasiongezewe mapya.

Mara moja kwa wiki, barakoa nzima, mikanda yake, bomba na chombo cha maji vioshwe kwa namna hiyo hiyo. Utando mweupe ndani ya chombo huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha chombo husuuzwa hadi harufu iishe. Kichujio kikaguliwe kila wiki. Cha kutumika mara moja hakioshwi. Hubadilishwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, au mapema zaidi kikionekana cheusi. Mwili wa mashine hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kamwe hauzamishwi majini.

Jiki, spiriti na dawa za kusafishia zenye harufu kali zisitumike, kwa kuwa huharibu vifaa na mabaki yake huvutwa kwenye mapafu. Vifaa vianikwe kivulini penye hewa, kwani jua kali hukakamaza plastiki na mpira.

Maji, moshi na joto

Maji yanayofaa ni yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakawa maji tena. Maji ya kisima yenye chumvi huacha utando. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Maji ya betri yasitumike, kwa kuwa hayakuandaliwa kwa ajili ya kuvutwa na binadamu, na baadhi ya yanayouzwa kwa jina hilo ni tindikali.

Kwa kuwa mashine huvuta hewa ya chumbani, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani visifukizwe karibu nayo.

Wananchi wawe waangalifu pia na vifaa vinavyodaiwa kusafisha mashine hizi kwa gesi ya ozoni. Februari 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa haikuwa imeidhinisha kifaa chochote cha ozoni au cha mwanga wa urujuanimno kwa kazi hiyo. Juni 2021, kampuni ya Philips ilitangaza kurejesha mamilioni ya mashine zake kwa kuwa sponji iliyomo ndani iliweza kuchakaa na kutoa chembe zenye madhara. Ilieleza kuwa ozoni huzidisha uchakavu huo, na kwamba joto na unyevu mwingi vinaweza kuuchangia, hali ambayo wakazi wa pwani wanaifahamu.

Nchini, usalama wa vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hupokea taarifa za madhara yatokanayo navyo. Mgonjwa anayeona chembe nyeusi bombani, au anayepata kikohozi kisichoisha, awasiliane na daktari wake mapema. Asiache kutumia mashine kabla ya kupata ushauri, kwani kukatisha tiba nako kuna madhara yake.