Mtoto Aliyechelewa Kusema

Katika Meru na Embu, kama mahali pengine pengi, mtoto akifika miaka 3 asiseme, maneno ya watu huwa mengi kuliko msaada. Huyu husema amelogwa, yule husema amedekezwa, na mwingine hushauri akatwe kimio. Huku nyuma mtoto hukaa kimya, na miaka iliyo bora ya kujifunza kusema yapita.

Kwa kawaida mtoto hutamka neno la kwanza apatapo mwaka 1 hivi, na akiwa na miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama vile “mama, maji”. Watoto hawaendi sawasawa. Lakini asiyefanya hivyo, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, yafaa aonwe na mganga wa hospitali bila kungoja.

Jambo la kwanza ni masikio, kwa maana mtoto hawezi kuiga asichokisikia. Usaha wa sikio na homa ya uti wa mgongo huweza kupunguza kusikia. Sikio lenye usaha litibiwe hospitalini, wala lisitiwe mafuta au maji ya majani. Kukata kimio hakumfundishi mtu kusema, bali huweza kuleta kutokwa na damu nyingi na vidonda vibaya.

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Mama achumapo kahawa au atekapo maji, na amwelekee mtoto uso kwa uso, amtajie vitu kwa maneno machache, kisha angoje ajibu. Akisema “ombe”, asichekwe, aambiwe, “Ndiyo, ng’ombe anakula majani.” Kimeru na Kiembu vyafaa kabisa kwa kazi hii, na kujua lugha mbili si sababu ya ugonjwa wa kusema. Hadithi na vitendawili vya nyanya jioni ni dawa isiyonunuliwa. Lakini ndugu zake wasimsemee kila neno, la sivyo hataona haja ya kujaribu.

Jambo la tatu ni kupimwa. Tangu mwaka 1984 Wizara ya Elimu, ikisaidiwa na nchi ya Denmark, ilianza kuweka vituo vya kuwapima watoto wenye shida kama hizi na kuwashauri wazazi wao. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu aweza kuulizwa njia ya kufika huko.

Ikionekana kwamba mtoto ni kiziwi, hiyo si mwisho wa masomo. Iko Shule ya Viziwi ya Kaaga huko Meru, na ya Mtakatifu Luka huko Embu. Tena Katiba ya mwaka 2010 imeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na mikono nayo husema.

Mtoto wa namna hii hana laana, wala si mjinga. Kumficha nyumbani ndiko kunakomnyima maneno. Basi mzazi mwenye mtoto aliyechelewa asingoje mavuno yajayo, ampeleke sasa.