Hadithi Ndani ya Mchezo: Somo la Jiografia kwa Njia ya Safari

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, mathalani hapa Igawa, hatakawia kugundua kwamba wanafunzi wake wana mwalimu mwingine. Mwalimu huyo ni mchezo wa video, uchezwao kwenye simu ya kaka au kwenye kibanda cha gemu. Wakati wa mapumziko utawasikia wakibishana ni nani aliyevuka hatua ya ngapi, na ni timu gani iliyofungwa mabao mengi. Wako walimu ambao dawa yao ya pekee ni kukemea. Sisi twaona yafaa kwanza kuuchungua mchezo wenyewe, kwani unafanikisha jambo tunalolihangaikia kila siku: unamfanya mtoto arudie kazi ngumu mara ishirini bila kusukumwa na mtu.

Mchezo wa aina hiyo waweza kuwa na sehemu mbili, yaani kanuni za kucheza na hadithi, lakini si lazima ziende pamoja. Tetris, uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984, ni wa kupanga vipande vinavyoanguka, wala hauna hadithi yoyote. Donkey Kong wa mwaka 1981, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto wa Japani, una seremala anayepanda ngazi na kuruka mapipa ili amwokoe mwanamke aliyetekwa na sokwe. Hapo mchezaji anajua kwa nini anapanda. Bao la wazee wetu, lenye mashimo 32 na kete 64, nalo halina hadithi. Lakini msikilize mchezaji akizungumza. Ana "nyumba" ya kulinda, "anakula" kete za mwenzake, na kete yake ya mwisho ikiangukia shimo tupu basi "amelala".

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu ni kitendawili. Anayeshindwa kutegua huombwa mji. Akitoa mji, tuseme Iringa, mtegaji husimulia alivyofika huko, alivyopokewa na alivyokula, ndipo atoe jibu. Tazama mpangilio wake: hadithi haikubandikwa juu ya mchezo, bali huzaliwa na tendo la mchezaji. Asingeshindwa, safari isingesimuliwa. Na angetaja Mbeya, msafara ungeelekea Mbeya. Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza mwanachuo akitumie kwa kila mchezo anaotaka kuuingiza darasani. Ikiwa hadithi itakwenda vile vile hata mtoto afanye nini, hapo hakuna mchezo. Kuna masimulizi yaliyokatwakatwa kwa maswali.

Mfano bora wa kipimo hicho ulitokana na mwanachuo kama ninyi. Mwaka 1971, mjini Minneapolis, Marekani, Don Rawitsch alikuwa katika mazoezi ya kufundisha historia. Alitakiwa kufundisha habari za wahamiaji wa karne ya 19 waliosafiri kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi Oregon, umbali wa kilomita zaidi ya 3,000. Alianza kwa kuchora ramani kwenye karatasi kubwa, akikusudia kutumia kadi na dadu. Wenzake wawili aliokaa nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakamshauri autie mchezo huo katika kompyuta. Hapakuwa na kioo cha kutazama. Mashine ilichapa maneno kwenye karatasi, nao wanafunzi wakajibu kwa kupiga herufi. Kila mmoja alipaswa kugawa fedha zake kati ya ng'ombe, chakula, risasi na nguo. Aliyebana fedha za nguo aliyaona matokeo yake penye baridi. Mwaka 1974 Rawitsch alizirejea shajara za wahamiaji wenyewe, akarekebisha ni mara ngapi ugonjwa au hali mbaya ya hewa hutokea safarini. Jambo hilo twalisisitiza: ajali za mchezo zilichotwa katika kumbukumbu za kweli, si katika kichwa cha mwalimu.

Hapa Tanzania, kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE lilifanya majaribio katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia, ndani yake mkiwa na michezo na hadithi. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo nusu ya pili ilibaki, na hiyo ndiyo inayomngoja mwalimu.

Asiye na kishikwambi hana sababu ya kukata tamaa, maana Rawitsch naye alianza na karatasi. Tuchukue somo la jiografia kuhusu usafirishaji wa mazao. Chora kwenye manila njia ya mpunga wa Usangu: Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi, Morogoro, Dar es Salaam. Kila kundi la watoto watano lipewe kokoto 20 badala ya fedha. Hapo Igawa pana uamuzi wa kwanza: kukoboa ama kutokoboa? Kukoboa kunagharimu kokoto tatu, lakini asiyekoboa anabeba pumba hadi Dar es Salaam na kuzilipia nauli. Iringa pana uamuzi wa pili: kukagua breki na kupoteza siku, au kuendelea? Watakaoendelea watajibiwa na Kitonga. Barabara hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na wanyama huvuka. Je, gari lipite usiku au dereva apumzike? Waacheni wabishane. Ubishi huo ndio somo.

Tahadhari moja ni kuhusu dadu. Mwalimu mvivu ataiachia dadu iamue kila kitu, na hapo atakuwa amewafundisha watoto yale yale wanayoyaona kwenye mashine za kamari ziitwazo dubwi, ambazo sheria inawakataza walio chini ya umri wa miaka 18. Mtoto anayecheza dubwi hana la kujifunza kutokana na kushindwa kwake, kwa kuwa hakuna alilolikosea. Kwa hiyo bahati iwepo kidogo tu, kama mvua au pancha. Mengine yote yatokane na uamuzi wa kundi, na kila kadi ya ajali itaje sababu.

Kazi hii haitoshei katika kipindi kimoja cha dakika 40. Tenga viwili, cha kwanza kiwe cha safari na cha pili cha masimulizi. Katika kipindi cha pili kila kundi lisimulie lilikopita, huku wengine wakifuata kwenye ramani na kuuliza kwa nini. Na kundi lililokwama Kitonga ndilo litangulie.